Mtoto kagoma shule Japani: mwongozo kamili wa mzazi Mswahili, hatua kwa hatua

Kila ukifika mwezi wa tano na mwezi wa tisa meseji zinaanza upya. Mama yuko Nagoya, baba yuko Saitama, shangazi analea mtoto wa mdogo wake Yokohama, na swali lao ni moja: mtoto hataki shule, asubuhi anashika tumbo, analia, anajifunika blanketi, nifanyeje arudi? Na majibu tunayopeana kwenye magrupu ni yale yale ambayo yameshashindwa: mkaripie, mnyang'anye simu, mburuze mpaka getini, mrudishe Bongo akanyooke. Nimeona niandike kila kitu sehemu moja ili mzazi mwingine asianze sifuri.

Nianze na pale wengi wanapokwama. Mzazi anajiwekea lengo kwamba jumatatu mtoto awe darasani. Sasa mtoto akifikia kushindwa kutoka kitandani ujue ameshajikaza muda mrefu bila wewe kujua, nguvu zimemwishia, na ukimsukuma hapo hapo ataenda siku mbili alafu ataanguka vibaya zaidi. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: usalama, mwili, usingizi, mtu mmoja wa kumwamini, sehemu moja ya kwenda, ndo shule ije. Ukiruka moja unarudi mwanzo.

Hali yenyewe Wajapani wanaiita futoko, yani mtoto aliyekosa shule siku 30 au zaidi kwa mwaka bila kuwa ni ugonjwa wala umaskini. Mwaka wa masomo 2023 walihesabiwa watoto 346,482, hapo ni shule za msingi na sekondari ya chini (chugakko) tu, na kwa chugakko inakuja kama mtoto mmoja kwa kila kumi na tano. Kwahiyo hujalaaniwa, na mwalimu wa mwanao ameshaona wengine kabla yake.

## Andaa hivi vitu kwanza

Daftari moja la karatasi, sio simu. Humo utaandika kila siku saa aliyolala, saa aliyoamka, alichokula, anaumwa wapi, na neno lolote alilosema kuhusu shule. Daktari, kaunsela na shule wote watakuuliza hayo, na Japani maandishi yenye tarehe yanasikilizwa kuliko maelezo ya mdomo.

Kipima joto na mashine ya kupimia presha ya mkono. Kazi ya hiyo mashine utaiona hatua ya 3.

Uthibitisho wa bima ya afya (kadi ya My Number iliyounganishwa na bima, au karatasi ya shikaku kakuninsho), cheti cha msaada wa matibabu ya watoto unachopewa na manispaa, na kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto (boshi techo) kama mtoto alizaliwa huku.

Majina manne yaandike ukurasa wa kwanza wa daftari: mwalimu wa darasa (tannin), mwalimu wa afya (hoken no sensei), naibu mwalimu mkuu (kyoto sensei), na kaunsela wa shule. Kaunsela mara nyingi anakuja siku moja tu kwa wiki, kwahiyo uliza ni siku gani.

Mkalimani. Manispaa nyingi zina jumuiya ya kimataifa (kokusai koryu kyokai) inayoweza kukutafutia mtu, na shule nayo inaweza kuomba. Usimtumie mtoto mwenyewe kama mkalimani kwenye kikao kinachomhusu yeye. Hata kama Kijapani chake kinatiririka. Utakuwa umemtwika kazi ya kutafsiri aibu yake mbele ya walimu, na yale mazito atayaruka.

Namba za simu bandika kwenye friji: 119 kwa dharura, 0120-0-78310 ya watoto inayofanya kazi saa 24, Childline 0120-99-7777 kwa mtoto mpaka miaka 18 anayetaka kuongea mwenyewe kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku, na 0120-279-338 yenye huduma ya lugha za kigeni.

## Hatua ya 1: Uliza swali gumu kabla ya mengine yote

Unakaa naye sehemu tulivu, ikiwezekana mkiwa ubavu kwa ubavu, kwenye gari au mkitembea, unamuuliza wazi: "Mwanangu, kuna wakati unatamani usingekuwepo? Unawaza kufa?" Najua kwetu hili swali linaogopwa, tunaona kama unamwita shetani. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa nafasi ya kutua mzigo aliokuwa anaubeba peke yake.

Akisema ndio, usipige kelele, usianze mawaidha ya dini hapo hapo, usimwambie watoto wa nyumbani wanashida kuliko yeye. Sema "asante kuniambia, sikuachi peke yako", kaa naye, dawa na vitu vya hatari vitoe nje ya uwezo wake, na siku hiyo hiyo piga simu hospitali au namba za juu. Kama ameshaanza kujidhuru au ana mpango, ni 119, usisubiri asubuhi.

Kuna tarehe za kuangalia kwa macho mawili. Serikali ya Japani mwaka 2015 ilitoa hesabu ya vifo vya kujiua vya walio chini ya miaka 18 kuanzia 1972 hadi 2013, na siku iliyoongoza ni Septemba 1, shule zinapofunguliwa baada ya likizo ya kiangazi. Mwanzo wa Aprili nao uko juu. Kwahiyo wiki ya mwisho ya Agosti sio wakati wa kumuuliza "homuwaki umemaliza?" kila saa. Ni wakati wa kuwa karibu, na akisema siku ya kwanza hataweza, mruhusu abaki.

Umefanikiwa kwenye hatua hii pale mtoto anapojua kuna neno baya analoweza kukwambia na nyumba isilipuke.

## Hatua ya 2: Simamisha vita ya asubuhi

Usiku, sio asubuhi, mwambie: "Kesho na wiki hii yote huendi shule. Pumzika. Hatutaliongelea asubuhi." Alafu litimize. Asubuhi usiingie chumbani na ile sauti ya "leo je?", mana mtoto wa hivi usiku kucha anakuwa anahesabu masaa mpaka hiyo sauti ije.

Watu wananiuliza, sasa si namdekeza? Sheria ya Japani ya mwaka 2016 kuhusu nafasi ya elimu imetaja yenyewe kwamba mtoto wa futoko anahitaji kupumzika. Na waraka wa wizara ya elimu wa Oktoba 2019 umeelekeza shule kwamba msaada usilenge tu matokeo ya kurudi shuleni. Kwahiyo unavyompumzisha hauvunji utaratibu wa nchi, unaufuata.

Onyo ambalo wazazi wa Kiswahili hawaambiwi mapema: tangu Aprili 2020 sheria ya Japani inamkataza mzazi kumpiga mtoto hata kwa jina la adabu. Jirani akisikia kilio anaweza kupiga 189, watu wa ustawi wa watoto (jido sodanjo) wanakuja, na wana mamlaka ya kumchukua mtoto kwa muda. Nimeona familia iliyokuwa na tatizo moja ikaishia na matatu. Ila hata sheria isingekuwepo, kiboko hakirudishi nguvu zilizoisha.

Ndugu nao. Bibi atapiga simu ya video, mjomba atatuma voisi ndefu ya kwamba ni jini, ni hasadi, ni mtoto wa kizungu huyo. Chagua mtu mmoja wa ukoo mwenye busara umweleze yeye, awatulize wengine. Bibi mwambie hivi: "Mama, nakuomba ukiongea na mjukuu wako usimuulize shule. Msimulie ya huko, muulize kala nini." Mabibi wengi wakiombwa hivyo kwa heshima wanaelewa, na zile simu zinageuka dawa.

Dini yenu endeleeni nayo, kuombewa hakuna ubaya, mradi maombi yasichukue nafasi ya daktari na mtoto asiambiwe kuna kitu kichafu ndani yake.

## Hatua ya 3: Mpeleke kwa daktari wa watoto, mwili kwanza

Hapa ndo wengi wanaruka na ndo penye majibu mengi. Kuna ugonjwa unaitwa kiritsusei chosetsu shogai, umewajaa watoto wa chugakko. Mtu akisimama damu inashuka miguuni, mwili wa kawaida unairudisha juu mara moja, wa huyu mtoto unachelewa. Asubuhi anakuwa na kizunguzungu, kichwa kinauma, kichefuchefu, moyo unakimbia. Ikifika jioni anachangamka kabisa. Sasa baba anarudi kazini saa tatu usiku anamkuta anacheza gemu anacheka, anasema huyu muongo. Hadanganyi! Ugonjwa wenyewe ndo ulivyo, asubuhi mbaya usiku nafuu.

Kabla ya kwenda, pima nyumbani asubuhi mbili tatu. Alale chali dakika kumi bila kuongea, pima presha na mapigo, andika. Asimame, pima tena dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10, andika zote na anavyojisikia. Simama pembeni yake mana anaweza kudondoka, na akisema dunia inazunguka mlaze, acha kipimo. Hizo namba mpelekee daktari wa watoto (shonika) umwambie unataka apimwe kiritsusei chosetsu shogai, na omba miadi ya asubuhi, mana ukienda jioni kipimo kinaweza kuonekana kizuri tu.

Akikutwa nao, matibabu ya mwanzo ni ya nyumbani: maji lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, chumvi kiasi atakachosema daktari, kuinuka taratibu kichwa kikiwa kimeinama, kutembea kidogo kila siku. Dawa zipo lakini peke yake hazitoshi. Na muombe daktari cheti (shindansho), kwa sababu shule ikiona karatasi ya daktari lugha inabadilika siku hiyo hiyo.

Omba apimwe pia wingi wa damu, hasa binti aliyeanza hedhi, na mweleze daktari kama tumbo linavurugika kila asubuhi ya shule na linatulia jumamosi.

Daktari wa akili wa watoto (jido seishinka) kupata nafasi ni miezi, kwahiyo weka jina leo hata kama hujaamua, ukiona huhitaji utafuta. Hospitali kubwa usiende bila barua ya rufaa (shokaijo), tangu Oktoba 2022 wanatoza yen 7,000 au zaidi za ziada kwa anayekuja bila barua.

## Hatua ya 4: Maliza ile simu ya kila asubuhi

Shule za Japani zinataka taarifa kila siku mtoto asipokuja, kwa simu au kwa epu, kabla ya kipindi. Inaonekana kitu kidogo. Lakini mama anayepiga simu saa mbili kasoro kila siku kusema "leo pia hapana, samahani sana" huku mtoto anasikia kupitia ukuta, wote wawili wanaanza siku wakiwa wameshindwa.

Muandikie mwalimu wa darasa: "Mainichi no kesseki renraku o, shuu ni ikkai ni shite itadakemasen ka." Maana yake unaomba taarifa ya kukosa shule iwe mara moja kwa wiki. Wengi wanakubali, wengine watasema mkubaliane kwamba utapiga siku anayokuja tu.

Alafu omba kikao na mwalimu huyo, umalizie na haya. Karatasi na kazi za shule ziletwe vipi, na usikubali mwanafunzi mwenzake awe anagonga mlango kabla hujamuuliza mwanao, mana wako wanaojificha chooni kengele ikilia. Chakula cha shule (kyushoku) uliza kama unaweza kukisimamisha, la sivyo unaweza kuendelea kukatwa hela ya chakula asichokula. Mwalimu kuja nyumbani, ni mara ngapi, na mtoto ana haki ya kutotoka chumbani.

Onyo kubwa kwa wenye mtoto asiye na uraia wa Japani. Sheria ya lazima ya kusoma inawabana wazazi wa watoto Wajapani, mtoto wa kigeni anapokelewa bure lakini halindwi kwa namna ile ile. Ukiletewa karatasi imeandikwa taigaku todoke hiyo ni ya kujitoa shule. Usisaini. Mwambie kyoto sensei mtoto anabaki kwenye orodha ya shule, alafu tafuta mkalimani.

## Hatua ya 5: Tafuta kilichomuumiza, bila kumhoji

Usimkalishe na kumuuliza "kwa nini" kwa sababu mara nyingi hata yeye hajui, atasema "sijui" na utaona anakuficha. Mpe vitu vya kuchagua: mwanzo wa siku, kipindi gani, chakula, michezo, njia ya kurudi, watu fulani, na yeye aweke namba 0 mpaka 10 ilivyo ngumu. Mtoto asiyetaka kuongea ataandika namba.

Hapa lugha inatuumiza sana. Kiswahili cha mtoto kinatosha kuomba chakula na kusalimia shikamoo, hakitoshi kusema amedharauliwa, Kijapani cha mama nacho kinatosha sokoni. Katikati pale ndo maumivu yanapotea. Mruhusu achanganye lugha, aandike kwa Kijapani utafsiri taratibu usiku, aongee na mtu mzima mwingine anayemwelewa. Na wewe anza kumpa maneno ya Kiswahili ya moyoni kwa kuyatumia mwenyewe mbele yake: leo nimenyong'onyea, yule bosi kanifedhehesha, nina wasiwasi na barua ile.

Kama ni uonevu (ijime): sheria ya kuzuia ijime ya mwaka 2013 inaangalia kama mtoto mwenyewe ameumia, sio kama aliyemfanyia alikuwa anatania. Na mtoto akikosa shule muda mrefu ikashukiwa ni kwa sababu ya ijime, kipimo kinachotumika ni kama siku 30 kwa mwaka, linakuwa tukio zito (judai jitai) na shule au bodi ya elimu inalazimika kuchunguza. Peleka kwa maandishi yenye tarehe: "Ijime no utagai ga arimasu. Chosa o onegai shimasu." Yani kuna shaka ya uonevu, naomba uchunguzi. Ubaki na kopi.

Kwa watoto wetu weusi na machotara ishu mara nyingi inaanzia kwenye nywele na ngozi. Kushikwa nywele kila siku, jina la utani, alafu na sheria za shule. Mkoa wa Tokyo uliziondoa kwenye sekondari zake za juu sheria za kulazimisha nywele ziwe nyeusi kuanzia Aprili 2022, lakini shule nyingi nchini bado zina masharti yake, na mwaka 2023 kule mkoa wa Hyogo kijana aliyesuka mistari alitengwa na wenzake siku ya mahafali. Usisubiri mtoto aitwe ofisini. Nenda na picha, waeleze kwamba kusuka ndo utunzaji wa nywele hizi, bila kusuka zinakatika, na omba iandikwe. Mtoto akiona mzazi kaenda kusimama kwa ajili ya kichwa chake, wala hakumwambia "vumilia wenzio ndo walivyo", kuna kitu kinakaa sawa ndani yake.

Au labda hafuati masomo. Anaongea Kijapani vizuri uwanjani ila cha kwenye kitabu cha sayansi kinachukua miaka mingi zaidi kukomaa, na mwalimu anamwona mvivu. Uliza kuhusu nihongo shido (ufundishaji wa Kijapani), tangu 2014 shule inaweza kupanga masomo maalum ya Kijapani ndani ya muda wa vipindi.

## Hatua ya 6: Jenga siku ya nyumbani

Wiki za mwanzo atalala sana, mwache. Baadaye anza na saa ya kuamka, usianze na saa ya kulala. Pazia lifunguliwe saa fulani, mwanga uingie, kitu cha kula kiwepo, hata kama atarudi kulala. Kila wiki sogeza nusu saa. Aliye na miaka 6 mpaka 12 anahitaji masaa 9 mpaka 12 ya usingizi, kijana masaa 8 mpaka 10.

Gemu na simu usizikate ghafla. Kwa wengi wale marafiki wa mtandaoni ndo watu pekee wanaowaambia "za saa hizi", ukizima umemfungia dirisha la mwisho. Kubalianeni, simu zote za nyumba, na yako ikiwemo, zinachajiwa sebuleni usiku kuanzia saa ambayo yeye amependekeza. Mtoto akitunga sharti mwenyewe analishika.

Alafu mpe kazi ambayo nyumba inaihitaji kweli. Sio adhabu, na sio za kumshughulisha tu. Chapati za ijumaa ni zake: yeye anakanda, anaacha unga upumzike, anakata madonge, anasukuma, anachoma. Ya kwanza itakuwa ngumu na ya tatu itaungua, usimnyang'anye mwiko. Kuleni. Wiki ijayo tena. Mtoto aliyeshindwa kila siku mbele ya darasa zima anahitaji kitu anachokiona kinaboreka mikononi mwake, na ustahimilivu wake unaanzia hapo, wala hauletwi na hotuba ya "lazima uwe na nguvu".

Dalili nzuri hapa zinachanganya wazazi. Anaanza kubishana, anaanza kusema amechoka kukaa ndani, anamuudhi mdogo wake. Hiyo ni nguvu inarudi, furahi.

Na wewe mzazi lala, kula, tafuta kikundi cha wazazi wa watoto wa futoko (oya no kai) kwenye mji wako. Mwenza Mjapani naye ana wazazi wake wanaomsema, msiachiane lawama mbele ya mtoto.

## Hatua ya 7: Mtu mmoja, alafu sehemu moja

Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 kisiwa cha Kauai, Hawaii, wengi wao wa asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki, kuanzia utotoni mpaka utu uzima. Kati ya waliokulia kwenye shida nyingi, kama theluthi moja walitoka wazima, wenye kazi na familia zinazoeleweka. Kilichojirudia kwenye maisha yao ni kuwa na mtu mzima angalau mmoja aliyewajali bila kuyumba, na mara nyingi hakuwa mzazi: bibi, shangazi, mwalimu, jirani.

Kwahiyo msaidie apate mtu wa namna hiyo nje ya wewe. Anaweza kuwa kaunsela wa shule, na wewe unaweza kwenda kwa kaunsela peke yako kwanza hata mtoto akikataa. Anaweza kuwa kaka wa chuo kutoka nyumbani anayesoma huko huko, anakuja jumamosi wanacheza mpira au gemu, hafundishi chochote.

Akishazoea mtu, tafuta sehemu. Kyoiku shien senta, yani kituo cha manispaa cha kusaidia watoto wasioenda shule, kwa kawaida haina ada, walimu wake wengi ni wastaafu na kasi yao ni ya upole. Shule huru (free school) ni za binafsi, utafiti wa wizara wa 2015 ulikuta wastani wa kama yen 33,000 kwa mwezi, na mkoa wa Tokyo tangu 2024 unarudishia familia mpaka yen 20,000 kwa mwezi. Miji kadhaa ina manabi no tayoka gakko, shule rasmi zenye ratiba nyepesi kwa watoto hawa. Zamani kidogo tu hazikuwepo nyingi, ulizia bodi ya elimu.

Siku ya kwanza nendeni kuangalia tu, msiingie hata ofisini kama hataki. Akianza kwenda, muulize mwalimu mkuu: "Shusseki atsukai ni shite itadakemasen ka?" yani siku zile zihesabiwe kama mahudhurio. Uamuzi ni wa mwalimu mkuu, na kusoma nyumbani kwa kompyuta nako kunaweza kuhesabiwa kwa masharti.

## Hatua ya 8: Igusa shule kidogo kidogo

Hii ni pale tu mtoto mwenyewe ameanza kuitaja. Wengi wanakwamia kwenye makabati ya viatu pale mlangoni, sio darasani. Pale ndo wenzake wote wanapita, macho yote, lazima uvue viatu vya nje uvae vya ndani, miguu inaganda. Omba aingilie mlango mwingine na viatu vyake vya ndani vikae kwa mwalimu wa afya.

Ngazi zake: jumapili mnapita nje ya geti mnaenda zenu. Alafu jioni wenzake wakishaondoka, dakika kumi na mwalimu. Alafu saa moja kwenye chumba cha afya (hokenshitsu), ambacho Wajapani wanakikubali kabisa kama namna ya kuhudhuria. Baadaye kipindi kimoja anachokipenda.

Sharti ambalo wazazi wanalivunja kwa furaha: mkikubaliana saa moja, ikiisha saa moja anaondoka hata kama anacheka na walimu wanasema abaki ale. Akiongezewa muda bila kupanga, kesho hatakuamini. Akirudi nyuma wiki nzima, shuka ngazi moja, usishuke zote.

## Hatua ya 9: Kama darasa la zamani limegoma kabisa

Chugakko kwa kawaida haimrudishi mtoto darasa nyuma kwa kukosa siku, cheti atapata, uamuzi ni wa mwalimu mkuu. Hofu ya mzazi inakuwa sekondari ya juu, mana shule nyingi za serikali zinaangalia alama za ndani zinazotolewa na chugakko yenyewe (naishinten). Njia zipo. Sekondari za masomo ya mbali (tsushinsei) sasa zina wanafunzi wengi sana, zipo za kwenda siku moja kwa wiki mpaka tano, na cheti chake ni kile kile cha sekondari. Zipo za jioni au muda nusu (teijisei). Na kuna mtihani wa kosotsu nintei, mara mbili kwa mwaka, Agosti na Novemba, unampa haki ya kuomba chuo kikuu hata kama hakumaliza sekondari, anaruhusiwa kuanzia mwaka wa masomo anaotimiza miaka 16.

Anza kutembelea shule hizi akiwa mwaka wa pili wa chugakko, msisubiri baridi ya mwaka wa tatu. Kila shule uliza vitu vitatu: siku ngapi kwa mwaka za lazima kufika ana kwa ana, jumla ya hela ukiondoa ruzuku ya serikali, na mtoto aliyeacha kuja wanamfuatilia vipi. Hilo swali la tatu ndo linaloonyesha shule ipi ni ya kweli, mana baadhi wanapokea ada na kunyamaza. Tsushinsei nyingi zinapokea wanafunzi wapya Aprili na Oktoba, kwahiyo asipokuwa tayari Aprili mwambie mapema kwamba Oktoba ipo, na msaini fomu siku ambayo yeye mwenyewe ameshika kalamu.